Bonde Lisilosoma Tasnifu

Usanifu mandhari ni taaluma ya kupanga na kusanifu ardhi iliyo nje ya kuta za majengo, yaani bustani, viwanja vya wazi, kingo za mito, njia za waenda kwa miguu, makaburi na hata mitaro ya maji ya mvua, ili watu, mimea, maji na udongo vikae pamoja bila kugombana sana. Fasili hii hukaririwa na kila mwanafunzi wa fani hiyo tangu muhula wa kwanza, na anayeihitaji zaidi si mtahini, ni shangazi. Ndugu wengi wa ukoo, wakishaisikiliza fasili nzima kwa subira, humalizia kwa kuuliza iwapo kijana wao atapewa pia mashine ya kukatia majani, na wale wenye nyumba iliyofika usawa wa renta humpangia papo hapo kazi ya kupanda miashoki kando ya ukuta.

Masomo hayo hufikia kilele katika tasnifu ya mwaka wa mwisho, ambayo ni kazi ndefu ya utafiti na usanifu inayoandikwa na kuchorwa chini ya msimamizi, kisha ikatetewa mbele ya jopo la watahini, na ambayo alama zake ndizo mara nyingi humtenga mwenye daraja la kwanza na mwenye daraja la pili. Tasnifu ya historia au ya fasihi huhusu jambo ambalo kwa kiasi kikubwa limetulia rafuni likimsubiri mtafiti. Ya usanifu mandhari huhusu kitu kinachoota, kinachooza, kinachofurika na kinachokaliwa na watu wenye maoni yao, na humo ndimo yanamochimbuka karibu masaibu yote yanayojadiliwa hapa.

Waasisi wa taaluma wenyewe walisalimika. Frederick Law Olmsted, ambaye pamoja na Calvert Vaux alishinda mwaka 1858 shindano la kusanifu Central Park ya New York, na ambaye huhesabiwa kuwa baba wa fani hii nchini Marekani, hakuandika tasnifu ya aina yoyote. Alipokuwa kijana akitarajiwa kujiunga na Yale, macho yake yalidhuriwa na mmea wa porini wenye utomvu wa sumu, mpango wa masomo ukavunjika, naye akawa mkulima na mwandishi wa magazeti kabla ya kuajiriwa kusimamia vibarua wa bustani ileile aliyokuja kuisanifu. Inaweza kusemwa, basi, kwamba taaluma iliasisiwa na mtu aliyezuiwa na mmea asifike chuoni, na mimea haijaacha kuwaandama wafuasi wake tangu hapo. Ilipofika mwaka 1900 Harvard ikaanzisha programu ya kwanza ya shahada katika fani hiyo, chini ya mwana wa Olmsted mwenye jina lilelile, na kuanzia siku hiyo vijana wakaanza kupewa alama kwa jambo ambalo mzee alilifanya bila kuulizwa na mtu aonyeshe marejeo.

Uchaguzi wa mada hauhitaji maelezo mengi, kwa sababu hufuata mkondo mmoja kila mwaka. Mwanafunzi wa Dar es Salaam huanza kwa kupendekeza kulihuisha jiji zima, lenye watu zaidi ya milioni 5 kwa hesabu ya sensa ya 2022. Msimamizi hukata likabaki mto. Mto nao hukatwa ukabaki bonde, na bonde likabaki kona moja kati ya barabara na kiwanja cha mpira, ambayo mwanafunzi huipokea kwa huzuni ya mtu aliyenyang'anywa urithi, bila kujua kwamba kona hiyo itamtosha na kumbakia. Mto unaochaguliwa mara kwa mara ni Msimbazi, unaoanzia katika vilima vya Pugu na kupita katikati ya jiji hadi Bahari ya Hindi, na ambao kila masika hupanda Jangwani na kuifunga barabara, mabasi ya mwendokasi yakiwemo. Ni mada nzuri kweli. Ina maji, ina watu, ina takataka, ina mikoko mlangoni mwa bahari, na ina daraja la kupigia picha.

Hatua inayofuata huitwa uchambuzi wa eneo, ambapo mwanafunzi huenda kuutazama mteremko, aina ya udongo, uoto, njia ambazo watu wamejikatia wenyewe na mahali jua linapopiga saa nane mchana. Kwenye karatasi hatua hii hupewa wiki mbili. Kwa hakika huanza na barua ya utambulisho, ambayo hutoka chuoni hadi halmashauri, ikashuka kwa mtendaji wa kata, ikafika kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kila inapopita hupata mhuri mmoja na kupoteza siku kadhaa, hivi kwamba barua nyingine humfikia mwenyekiti ikiwa na mihuri mingi kuliko maneno.

Hapo panahitajika haki kwa wakazi, kwa sababu mapokezi yao kwa mwanafunzi mara nyingi huelezwa katika tasnifu kwa sentensi moja kavu kwamba ushirikiano wa jamii ulikuwa hafifu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 ukafuata ubomoaji wa nyumba za bonde hilohilo, zikiwa zimetangulia kuandikwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Kisha mwaka 2022 ukaidhinishwa mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wenye maneno mengi kuhusu fidia. Katika mazingira hayo, kijana mgeni anayejitokeza asubuhi na futi ya kupimia mkononi, akausimamia ukuta wa mtu kwa dakika kumi huku akitikisa kichwa na kuandika, hawezi kutarajia kukaribishwa chai. Watoto hukimbia wakitangaza kwamba wamekuja, ingawa aliyekuja ni mmoja. Mama ntilie hufunika sufuria. Na mwenye nyumba hutoka kwa utulivu wa kutisha akauliza kinachopimwa ni nini.

Mazungumzo na mwenyekiti wa mtaa nayo hufuata utaratibu unaojulikana. Mwanafunzi huamkia shikamoo, mzee hujibu marahaba, barua husomwa yote hadi mihuri, kisha huulizwa mradi unaanza lini. Mwanafunzi hueleza kwamba hakuna mradi, ni masomo tu. Mzee hukubali kabisa kuwa ni masomo, humsifu kijana kwa kusoma, humkumbusha kwamba elimu haina mwisho, halafu huinamisha kichwa na kuuliza kwa sauti ya chini kama malipo ya fidia yatapitia benki au kwenye simu. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kufaulu kuifuta dhana hiyo, na wapo ambao, baada ya kukaa bondeni muda mrefu, huanza wenyewe kuiamini.

Chombo kingine cha hatua hii ni dodoso, yaani karatasi ya maswali yaliyopangwa ambayo mhojiwa huyajibu kwa kuchagua. Dodoso la usanifu mandhari huandikwa chuoni, katika chumba chenye feni, na hubeba maswali kama vile iwapo mkazi anapendelea nafasi iliyo wazi au iliyozungushiwa uoto, kwa kipimo cha 1 hadi 5. Bibi mwenye kibanda cha kuuza mkaa ukingoni mwa mto huulizwa swali hilo. Hufikiri kidogo, husimama, huuonyesha mstari wa tope ukutani uliofika usawa wa kifua chake, na kusema kwamba maji yalifika hapa, na mwaka wa nyuma yake yalifika pale. Mwanafunzi, ambaye karatasi yake haina kisanduku cha kutia jibu la namna hiyo, humshukuru sana na kuandika 5.

Baada ya hapo utafiti hurudi studio, yaani chumba cha kuchorea ambacho wanafunzi wa fani hii hukifanya bweni katika muhula wa mwisho. Njia inayotumiwa zaidi huko inatokana na Ian McHarg, Mskoti aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania na ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1969 alieleza namna ya kupandanisha ramani zinazoangaza, moja ya udongo, moja ya mteremko, moja ya maji, nyingine ya uoto, ili mahali panapofaa kujengwa na mahali pasipofaa paonekane penyewe. McHarg alitumia busara katika kuchagua matabaka. Mwanafunzi, aliyepewa programu ya kompyuta isiyochoka, hupandanisha yote anayoyapata, pamoja na kelele, harufu na kumbukumbu za wazee, mpaka ramani nzima inageuka rangi moja ya tope, ambayo kwa Msimbazi si kosa kubwa sana.

Kontua nazo zina mashaka yake. Kontua ni mstari wa ramani unaounganisha sehemu zote zenye mwinuko mmoja, nayo ndiyo lugha ambayo msanifu mandhari husomea umbo la nchi. Kwa kuwa upimaji rasmi una gharama, wengi hupakua bure data za mwinuko zilizokusanywa kwa rada kutoka angani mwaka 2000, ambazo kila kipande chake huwakilisha eneo la karibu mita 30 kwa 30, na ambazo hazitofautishi sana ardhi na kile kilichosimama juu ya ardhi. Rada ilipokutana na bati la ghala au kilele cha miembe iliyosongamana, ilirekodi kilima. Ndiyo maana imewahi kusanifiwa, kwa ufundi wa kusifiwa na kwa ngazi zilizopimwa vizuri, sehemu ya kutazamia machweo ya jua juu ya kilima ambacho kwa macho ya kawaida ni godauni.

Linalostahili kukaliwa kwa muda mrefu zaidi, hata hivyo, ni lile la picha za mwisho, yaani michoro ya kompyuta inayoonyesha mahali patakavyokuwa mradi ukishatekelezwa. Programu za kuchorea huja na maktaba ya watu waliokwishakatwa kutoka katika picha halisi ili wabandikwe mchoroni, na maktaba zilizo nyingi zimekusanywa Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Matokeo yake ni kwamba katika ukingo wa Msimbazi, mwezi Februari, katika joto linalozidi nyuzi 30, hutembea mwanamume mrefu aliyevaa koti la sufi na skafu, ameshikana mkono na mwanamke mwenye buti za baridi, mbele yao akikimbia mbwa mkubwa wa rangi ya dhahabu ambaye Dar es Salaam nzima ingemtimua kwa mawe. Kando yao mzee wa Kizungu anasoma gazeti. Angani wamo ndege wahamao ambao hawahamii huku, na wakati mwingine puto kubwa la kubebea watalii, lililoletwa pengine na upepo kutoka Serengeti.

Wasiokuwemo katika picha hizo ni wengi zaidi. Hayumo anayechoma mahindi, hayumo wa bodaboda aliyelala juu ya pikipiki kivulini, hayumo anayeosha magari kwa maji ya mto, hakuna kijiwe cha kahawa na bao, hakuna kamba ya kuanikia nguo, wala hakuna yule kijana ambaye kila bustani ya umma humpata siku ileile inapofunguliwa, akiuza vocha na maji baridi. Mwanafunzi aliyekulia Mbagala, ambaye hajawahi kumwona mtu wa skafu isipokuwa kwenye filamu, humbandika bila kusita, na msimamizi huzitazama picha hizo na kusema kwamba zimeanza kupata uhai.

Miti katika picha nayo hukua kwa kasi isiyojulikana na sayansi. Siku ya ufunguzi wa mradi mikungu tayari imetandaza matawi ya miaka 20, mbuyu umeshanenepa, na kivuli kimetimia juu ya kila benchi. Orodha ya mimea iliyoambatishwa nyuma ya tasnifu huwa na majina kadhaa ya Kilatini yaliyopangwa kwa herufi, mengine yakiwa ya mimea inayostawi kwenye baridi, na hakuna hata mmoja ulioulizwa kwenye vitalu vya miche vilivyojipanga kando ya barabara kubwa za jiji, ambako muuzaji huujua kila mmea kwa jina la mahali unapoonekana, huu ukiwa wa benki, ule wa hoteli, na mwingine wa kule kwa balozi. Wanaojua gharama ya orodha ya namna hiyo ni wachache. Katika machimbo ya saruji ya Bamburi, Mombasa, René Haller alipoanza mwaka 1971 kulirudishia uhai jangwa la matumbawe lililoachwa na mashine, alijaribu aina 26 za miti, na zilizokubali ni tatu tu: mvinje, mnazi, na mti mmoja wa jamii ya Conocarpus wenye asili ya pande za Somalia, na hata mvinje ulimlazimu kutafuta jongoo wa kuvunjavunja majani yake makavu ili udongo upatikane. Mahali hapo leo ni msitu wenye wanyama, unaojulikana kwa jina la Haller Park. Mwanafunzi huitaja kazi hiyo katika sura ya pili ya tasnifu yake, kwa heshima inayostahili, na katika sura ya tano hupanda aina zote za orodha yake bila kufa hata mmoja.

Kuhusu modeli, ambayo ni umbo dogo la eneo linaloundwa kwa kadibodi zilizokatwa kufuata kontua na kupachikwa miti ya sponji iliyochovywa rangi ya kijani, inatosha kusema kwamba huwa kubwa kuliko mlango wa chumba ilimoundiwa. Husafirishwa ikiwa imebebwa kwa mikono miwili kama sinia la pilau la arusini, na konda wa daladala hudai nauli ya siti mbili za ziada kwa ajili ya bonde. Uchapishaji nao hufanywa usiku wa mwisho, katika steshenari yenye foleni, umeme wa LUKU ukiwa umebakiza uniti chache, kwenye mashine ambayo wino wake wa njano huisha wakati karatasi ya A0, yenye urefu wa milimita 1189, imefika katikati. Nusu ya juu ya bustani hutoka kijani na nusu ya chini hutoka samawati. Fundi wa mashine huitazama, humwangalia mteja usoni, na kumshauri kwa huruma aseme hiyo ni bahari.

Utetezi hufanyika katikati ya mwaka, masika yakiwa yameshapita, na hapa kuna hitilafu ya kalenda ambayo vyuo havijaizingatia vya kutosha: eneo lilitembelewa Januari na Februari, wakati mto ni mfereji mwembamba unaorukwa na mbuzi, na lote likasanifiwa likiwa kavu, ilhali kuanzia Machi hadi Mei, mwanafunzi akiwa amejifungia studio, benchi zake zote, ukumbi wake wa wazi na njia yake ya baiskeli vilikuwa kimsingi chini ya maji. Jopo la watahini, ambalo kwa kawaida huwa na mwalimu mmoja mpole, mmoja mkali, na mgeni kutoka ofisi fulani ya umma aliyekuja na haraka zake, huanza kwa kuuliza kaskazini iko wapi, kwa sababu mshale wa kaskazini umewekwa mahali ulipopendeza. Likiridhika, huuliza ni nani atakayemwagilia. Jibu la swali hili ni neno moja, nalo ni jamii. Jamii itamwagilia, jamii itafagia, jamii italinda taa zisiibwe, jamii itazibua mitaro na kuchangia ukarabati. Na mtahini mkali, ambaye naye ni jamii, huandika jambo kwenye karatasi yake.

Yule mgeni wa ofisi ya umma huwa na swali moja tu. Huuliza maji hufika wapi. Kompyuta hufunguliwa, ramani ya tope hurushwa ukutani, kontua zikiwa na godauni lake hupitishwa, na kijana huonyesha mstari wa samawati uliopindishwa kwa ustadi mkubwa, ambao ukifuatiliwa hupita katikati ya kibanda cha bibi wa mkaa mita moja na zaidi chini ya alama yake ya ukutani. Mgeni aliwahi kupita hapo. Anakijua kibanda, anakumbuka hata mstari wa tope. Lile jibu lilikuwemo katika tasnifu muda wote, ukurasa wa viambatisho, dodoso la bibi, swali la nne, ambapo pameandikwa 5.

Matokeo yake ni kufaulu kwa sharti la masahihisho, ambayo ndiyo hukumu ya kawaida na, kwa maoni ya makala haya, ni hukumu ya haki. Mstari wa samawati husogezwa, benchi hupandishwa juu ya tuta, ukumbi wa wazi hugeuzwa uwanja unaoruhusiwa kulowa, mwanamume wa skafu hufutwa na mahali pake akawekwa muuza mahindi aliyepigwa picha kwa simu, na kazi nzima, ikiwa na jalada gumu na jina lililopigwa kwa herufi za dhahabu, hupelekwa maktaba.

Wakazi wa Jangwani, Kigogo, Mkwajuni na mabonde mengine ya jiji wanaombwa, kwa hiyo, jambo dogo. Muhula ujao atakuja mwingine, kijana mwenye futi, barua ya mihuri mingi na viatu visivyofaa tope. Hana fidia wala kopo la rangi nyekundu. Akaribishwe akae, aambiwe aweke dodoso pembeni kwa muda, aonyeshwe ukutani maji yalipofika, na asiruhusiwe kuondoka mpaka ameupima mstari huo kuanzia chini na kuandika sentimita zake.